Ngome ya Yesu: maradhi yaliyofanya kazi ya mizinga

Machi mwaka huu wa 2026 ilitimia miaka 330 tangu merikebu za Imamu wa Oman, Saif bin Sultan, zitie nanga mbele ya kisiwa cha Mvita, yaani Mombasa, na kuanza kuizingira Ngome ya Yesu. Mazingiwa hayo yalidumu miezi 33. Yalipokwisha, tarehe 13 Desemba 1698, Mreno alikuwa ameipoteza Mombasa, na pwani yote ya kaskazini ya Rasi Delgado ilikuwa imemponyoka.

Mgeni anayepita lango la ngome leo hutembezwa kwenye mizinga, akaonyeshwa kuta, akapigwa picha, akaambiwa kwamba Waomani waliishinda ngome hii baada ya vita vikali. Vita vilikuwepo, sikatai. Lakini ukisoma kitabu cha Charles Boxer na Carlos de Azevedo kilichotoka mwaka 1960, na kile cha James Kirkman, mtaalamu wa mambo ya kale aliyeifukua ngome hii na kuisimamia ilipogeuzwa makumbusho, unaona hesabu nyingine kabisa. Askari wengi waliokufa humo ndani hawakufa kwa risasi wala kwa upanga. Walikufa wamelala, kwa homa, kwa tumbo, kwa njaa.

Ngome yenyewe ilianza kujengwa mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, Mtaliano aliyekuwa akiwafanyia kazi Wareno. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hassan, aliyelelewa na kubatizwa Goa, makao ya Wareno huko India, aliingia humo, akamuua jemadari wa Kireno, akaushika mji kwa muda. Mwaka 1650 Waomani wakamtoa Mreno Muscat. Baada ya hapo ilikuwa suala la muda tu kabla hawajafika Mombasa.

Walipofika, ndani ya ngome kulikuwa na askari wa Kireno baina ya 50 na 70. Waliobaki walikuwa Waswahili waliokuwa upande wao pamoja na wake zao na watoto, watu wapatao 1,500, na wengi wao walijibanza ngomeni na kwenye handaki lililoizunguka. Hapa ndipo mambo yalipoharibika. Ngome ilichorwa kwa ajili ya kikosi, haikuchorwa kwa ajili ya mji mzima. Ilikuwa na birika la kukinga maji ya mvua, na kisima kirefu cha zaidi ya mita 20 ambacho maji yake yalikuwa ya chumvi, ya kufulia na kuogea. Watu mia kadhaa wakitegemea birika moja, choo kikiwa hatua chache kutoka jikoni, huhitaji kuwa daktari kujua kitakachofuata.

Chakula kilitegemea bahari. Fatuma, malkia wa Unguja, alikuwa rafiki wa Wareno na alijaribu kuwapelekea vyakula kwa majahazi. Urafiki huo ulimgharimu: Waomani walipomaliza kazi yao walimchukua wakampeleka Muscat. Msaada wa askari nao ulitegemea pepo. Kutoka Goa mtu huja na kaskazi, baina ya Novemba na Machi. Ukikosa kaskazi, ungoje kusi na merikebu za kutoka Msumbiji, na ukikosa hizo, mwaka umekwisha. Ngomeni watu walikuwa wakifa kila wiki, ilhali Goa walipata habari zao kwa majira.

Jemadari wa ngome, João Rodrigues Leão, alifariki Oktoba 1696, akashika nafasi yake António Mogo de Melo. Tarehe 25 Desemba 1696, siku ya Krismasi, merikebu za msaada kutoka Goa zikatokea. Miongoni mwao ilikuwemo Santo António de Tanna, manowari ya mizinga 42. Unaweza kufikiri furaha ya waliokuwa juu ya kuta siku ile. Lakini askari wale wapya walikuwa wametoka kwenye safari ndefu ya baharini, wakaingizwa katika boma lililokwisha kujaa ndwele. Tiba ya Kireno ya zama zile ilitegemea sana kumtoa mgonjwa damu, na mtu aliyedhoofika kwa homa na njaa hahitaji kutolewa damu. Miezi iliyofuata waliangamia, wageni na wenyeji, mmoja baada ya mwingine. Ilipita miaka 200 kamili baada ya mwaka ule wa 1697 ndipo Ronald Ross, akiwa India, alipoonyesha kwamba vimelea vya malaria hubebwa na mbu. Jemadari Mogo de Melo asingeweza kujua kwamba adui mmojawapo alikuwa akizaliana kwenye maji yaliyotuama karibu naye.

Kufikia Julai 1697 karibu Wareno wote wa ngomeni walikuwa wamekwisha kufa. Tarehe 28 Agosti Mogo de Melo naye akafa.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa vitabu vinapita mbio na mimi sitaki kupita mbio. Aliyebaki kuishika Ngome ya Yesu, alama ya ufalme wa Ureno katika pwani yetu, alikuwa Mswahili na Mwislamu: Bwana Dau bin Bwana Shaka, ambaye vitabu vingine humwita Daud, mwana wa ukoo wa watawala wa Faza, katika kisiwa cha Pate. Pamoja naye walikuwa jamaa zake 17 wa Faza, wanaume Waafrika wanane, na wanawake Waafrika 50. Basi. Hao ndio waliokuwa jeshi.

Kwa nini mtu wa Faza afe kwa ajili ya Mreno? Mwaka 1587 Wareno hao hao waliishambulia Faza, wakaiteketeza, wakamuua mtawala wake, wakakata hata minazi. Watu wa Faza hawakusahau. Lakini jirani yao mkubwa, mji wa Pate, alikuwa amejiunga na Oman, na ugomvi wa Pate na Faza ulikuwa wa tangu zamani, wa nyumba kwa nyumba. Siasa za visiwa vya Lamu haziendi kwa dini wala kwa rangi peke yake, na mwenye kudhani zinakwenda hivyo hajapata kukaa barazani kule. Bwana Dau alihesabu nani akishinda atakuwa hatari zaidi kwake, akachagua.

Chukua hesabu yao uigawe. Ngome ina mabaluati manne, yaani pembe za ulinzi zilizochomoza ukutani: San Felipe na San Alberto upande wa bara, San Mateo na San Matias upande wa mji na bandari. Wanaume 26 pamoja na Bwana Dau mwenyewe; toa waliolala usiku, toa waliougua, maana maradhi hayakuuliza nani Mreno nani Mswahili. Kwa wanaume peke yao zamu ya ulinzi haitimii. Kwa hiyo lazima wale wanawake 50 walisimama juu ya kuta. Waliokuwa wakiuguza wagonjwa, wakitwanga kilichobaki cha kutwanga, wakiteka maji birikani, ndio hao hao waliopaswa kuonekana vichwa vyao juu ya ukuta ili Mwomani aliye nje aamini kwamba ndani bado kuna watu. Na aliamini. Kwa muda wa majuma, ngome ambayo mizinga na merikebu za Goa hazikutosha kuilinda ililindwa na watu wa Faza na wanawake ambao hakuna karani aliyejisumbua kuandika majina yao.

Boxer na Kirkman wamelitaja tukio hili kwa heshima, lakini karatasi walizozitegemea ni za Goa na Lisbon. Karani wa Kireno alijua cheo cha kila afisa aliyekufa kwa homa. Wale 50 aliwajua kwa idadi.

Katikati ya Septemba 1697 msaada ulifika kutoka Msumbiji, na Santo António de Tanna ikarudi. Uongozi ukarudi kwa Wareno, safari hii kwa Leonardo Barbosa Souto Maior. Manowari haikukaa. Tarehe 20 Oktoba ilizama chini ya ngome baada ya kupoteza nanga zake na kugonga mwamba. Mabaki yake yalifukuliwa chini ya bahari kuanzia 1977, na vitu vyake vingi viko makumbushoni leo. Desemba wakaja askari wachache wa Kihindi kutoka Goa. Baada ya hapo hakuna aliyekuja kwa mwaka mzima, na maradhi yakaanza hesabu upya.

Mwisho wenyewe haukuwa na makeke. Desemba 1698 ndani ya ngome alibaki jemadari, wanaume tisa na padri mmoja. Waomani walipanda ukuta, jemadari akauawa, na kufikia asubuhi ya tarehe 13 kazi ilikuwa imekwisha. Wareno walisimulia baadaye kwamba mateka mmoja aliwahadaa washindi kuwa ghala la baruti lina dhahabu, wakaingia naye, akaliwasha wakafa wote. Hadithi tamu, na aliyeshindwa huhitaji hadithi tamu. Siku saba baadaye merikebu za msaada zilitokea mbele ya Mombasa. Bendera nyekundu ya Waomani ilikuwa juu.

Baada ya hapo kila jeshi lililokuja hapa lilikutana na adui yule yule. Waingereza walipojitangaza walinzi wa Mombasa mwaka 1824 kwa ombi la Wamazrui, ukoo uliokuwa ukiutawala mji, walimwacha Luteni John James Reitz kuwa mtawala. Kufikia mwisho wa Mei alikuwa maiti, kauawa na homa aliyoipata katika safari ya kuelekea Pangani. Wakazi wa Port Reitz wanaopanda matatu kila asubuhi wanalitaja jina lake bila kujua. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuja, kikosi cha Wahindi kilichopigwa Tanga Novemba 1914 kilirudishwa hapa Mombasa, na vita vilivyofuata viliua wapagazi wa Kiafrika wa Kenya zaidi ya 40,000, wengi wao kwa kuhara damu, malaria na nimonia. Kwa ajili ya vita hivyo, nje ya ngome kuna mnara wa kumbukumbu ya Meja Arthur Wavell na askari wake Waarabu wa Mombasa. Sina kinyongo na Wavell. Nauliza tu Bwana Dau ana nini.

Ngome ikawa jela ya wakoloni kuanzia 1895 hadi 1958, kisha makumbusho kwa fedha za Wakfu wa Gulbenkian wa Ureno. Unesco iliiingiza katika urithi wa dunia mwaka 2011.

Wala usidhani haya ni ya kale. Baina ya Aprili 2009 na Mei 2010, askari 241 wa Umoja wa Afrika waliokuwa Mogadishu, wakitoka Uganda na Burundi, walivimba miguu, na angalau wanne wakafa. Zaidi ya 50 walisafirishwa kwa ndege hadi hospitali za Kenya na Uganda. Uchunguzi ulielekea kwenye beriberi, maradhi ya kukosa vitamini B1, kwa sababu walikaa miezi wakila chakula cha aina ile ile. Sisemi waliokufa ngomeni mwaka 1697 waliugua beriberi. Ila karne ya 21, yenye ndege na maabara, askari aliyefungiwa kwenye kambi iliyozingirwa bado aliuawa na sahani yake kabla ya risasi.

Makumbusho ya Taifa yana muda hadi tarehe 13 Desemba, siku ngome ilipoanguka. Ombi langu ni dogo na halihitaji mfadhili wa Lisbon: pale langoni, kabla mgeni hajafika kwenye mizinga, liwekwe bango la Kiswahili lenye jina la Bwana Dau bin Bwana Shaka wa Faza, jamaa zake 17, wanaume wanane na wanawake 50. Nani aliwatangulia kufa humo, na kwa maradhi gani, iandikwe pia.