Vivien Thomas, seremala aliyesimama nyuma ya profesa

Novemba 29, 1944, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, Profesa Alfred Blalock alikuwa tayari kumpasua mtoto wa kike wa miezi 15, lakini aliagiza kwanza aitwe Vivien Thomas. Mtoto huyo, Eileen Saxon, alikuwa na uzito wa kilo 4 hivi. Midomo na kucha zake zilikuwa za bluu, kwa sababu alizaliwa na moyo wenye kasoro na damu iliyofika kwenye mapafu yake ilikuwa kidogo mno.

Thomas alipofika alipanda juu ya kistuli nyuma ya bega la kulia la profesa, na kutoka hapo akawa anamwelekeza kwa sauti ya chini: mshono usogezwe kidogo, sindano iingilie upande wa pili. Blalock alikuwa mmoja wa madaktari bingwa wakubwa wa nchi ile, lakini kazi hii alikuwa ameigusa mara moja tu, juu ya mbwa, na siku ya jaribio hilo yeye ndiye aliyekuwa msaidizi wa Thomas.

Thomas, msaidizi wa maabara wa Blalock, hakuwa daktari wala hakuwa na shahada yoyote. Alikuwa mtu mweusi wa miaka 34, katika hospitali ambamo karibu kila mweusi aliyeajiriwa alikuwa wa kufagia na kubeba, na ambamo wagonjwa walilazwa kwa rangi zao. Alipokatiza korido akiwa amevaa koti jeupe, watu walisimama kumkodolea macho.

Thomas alizaliwa Louisiana mwaka 1910, akakulia Nashville, Tennessee. Baba yake alikuwa fundi seremala, naye akajifunza randa na msumeno tangu utotoni. Alihitimu Pearl High School mwaka 1929 akiwa na nia moja, kusomea udaktari, na ili apate ada akafanya useremala katika Chuo Kikuu cha Fisk. Hapo ndipo palipotokea jambo ninaloliona kuwa ufunguo wa maisha yake yote. Alibandika kiraka kwenye sakafu ya mbao iliyochakaa. Msimamizi wake akakitazama na kukikataa, kwa kuwa aliweza kuona mahali mbao mpya zilipoanzia. Thomas akakibandua na kukiweka upya mpaka kiungo kisionekane.

Oktoba mwaka huohuo soko la hisa la New York likaporomoka, na kazi za ujenzi zikakauka. Februari 1930 alipata kibarua katika maabara ya Blalock, ambaye wakati huo alikuwa Chuo Kikuu cha Vanderbilt hapohapo Nashville. Alidhani angekaa miezi michache, aongeze akiba, kisha aende chuo. Kabla ya mwaka kwisha benki aliyoweka fedha zake ikafilisika, na ada yote ikapotea.

Akabaki maabara. Akajifunza anatomia, kemia na upasuaji kwa kuona, kusoma na kutenda, na pamoja na Blalock wakathibitisha kwamba mshtuko unaowaua majeruhi hutokana na kupotea kwa damu na maji mwilini. Elimu hiyo iliokoa askari wengi katika Vita vya Pili vya Dunia. Wakati akifanya majaribio hayo, Thomas aligundua kwamba kwenye daftari la mishahara la chuo ameandikwa kama mfagizi. Alidai haki yake, akaongezwa mshahara, lakini hakuambiwa kama cheo nacho kilirekebishwa. Ubaguzi haukuhitaji kumtukana mtu; karani alimaliza kazi yote kwa kalamu. Kaka yake Thomas, Harold, mwalimu hapo Nashville, naye alifungua kesi kupinga walimu weusi kulipwa chini ya wazungu, na mwaka 1942 mahakama ikampa ushindi.

Blalock alipohamia Johns Hopkins mwaka 1941 alimchukua Thomas. Miaka miwili baadaye Dk. Helen Taussig, mtaalamu wa moyo wa watoto, akawaomba watafute njia ya kupeleka damu zaidi kwenye mapafu ya watoto wa bluu. Blalock alikuwa na shughuli nyingi, hivyo kazi ikawa ya Thomas. Ilimbidi kwanza awatengenezee mbwa wenye afya tatizo linalofanana na la watoto hao, kisha kulitibu, kwa kuukata mshipa unaopeleka damu mkononi na kuuunganisha na ule wa mapafu. Alitumia karibu miaka miwili na mbwa wapatao 200. Vifaa vya kushonea mishipa midogo kama ile havikuwepo, kwa hiyo alifupisha sindano na kurekebisha vibanio yeye mwenyewe.

Eileen alipata rangi ya uzima, ingawa alifariki miezi michache baadaye. Waliomfuata wengi walipona, na katika muda mfupi wazazi wakawa wanaleta watoto Baltimore kutoka kila upande. Hata hapa kwetu, watoto wenye kasoro hiyo wanaotibiwa leo katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, wananufaika na elimu iliyoanzia pale.

Ripoti ya kitaalamu ilitoka mwaka 1945. Ilibeba majina ya Blalock na Taussig, na jina la Thomas halikutajwa popote. Upasuaji ukaitwa kwa majina ya wawili hao. Yeye aliendelea kuwafundisha madaktari vijana wa kizungu, akiwemo Denton Cooley aliyekuja kuwa bingwa wa moyo duniani, na kwa kuwa mshahara haukutosha, aligawa vinywaji kwenye karamu za Blalock, akiwamiminia wanafunzi wake mwenyewe. Alipoulizia kujiunga na chuo kingine akiwa mtu mzima, aliambiwa aanze mwaka wa kwanza. Akapiga hesabu ya umri, akaacha. Simlaumu hata kidogo. Hopkins ilijua vema anachokijua.

Siku moja mwaka 1946 Blalock alichunguza moyo wa mbwa ambao Thomas alikuwa ameutoboa tundu kati ya vyumba vya juu. Kingo zilikuwa zimepona bila alama, na profesa akaduwaa, akasema ni kama kazi ya Mungu. Msimamizi wa Fisk angeridhika.

Mwaka 1971, miaka saba baada ya Blalock kufariki, madaktari aliowafundisha Thomas walichanga wakachoresha picha yake, ikatundikwa karibu na ya profesa. Mwaka 1976 Johns Hopkins ikamtunuku shahada ya heshima, na hata hapo ikawa ya sheria, si ya tiba. Ila safari hii aliingizwa rasmi kwenye orodha ya wahadhiri wa upasuaji.

Alistaafu mwaka 1979 na kufariki Novemba 1985. Mpwa wake, Koco Eaton, alihitimu udaktari Johns Hopkins mwaka 1987. Baadhi ya waliomfundisha upasuaji walikuwa wamefundishwa na Thomas.