Umeme ndio uliochagua: safari ya amplifaya Morogoro

Muziki wa santuri ulipoingia Morogoro haukuja na amplifaya. Gramafoni ilizungushwa kwa mpini, sindano ikatetemesha kiwambo, na sauti ikatokea kwenye pembe bila hata chembe ya umeme. Kwa namna hiyo santuri za GV za kampuni ya HMV, zilizoanza kutolewa miaka ya 1930, zilisambaza muziki wa Kuba barani Afrika. Salum Abdallah aliupenda muziki huo kiasi kwamba bendi aliyoianzisha mjini Morogoro mwaka 1948 ikaja kujulikana kama Cuban Marimba.

Kwingineko duniani, wapenzi wa muziki wa nyumbani walikuwa wameanza ubishi ambao haujaisha hadi leo: amplifaya ipi ina sauti tamu? Mwaka 1947 Mwingereza D.T.N. Williamson alichapisha mchoro wa amplifaya ya vali ambao mafundi wa nchi nyingi waliuiga. Desemba mwaka huohuo, wanasayansi wa Bell Labs huko Marekani wakatengeneza transista. Ugomvi wa vali na transista ukapata pande zake mbili ndani ya mwaka mmoja.

Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru, ubishi huo haukuamuliwa na masikio. Uliamuliwa na umeme.

Vali ni kichupa cha kioo kilichoondolewa hewa. Ndani yake kuna uzi ambao sharti upashwe moto ndipo kazi ianze, na moto huo hula umeme hata kama hakuna wimbo unaopigwa. Amplifaya ya vali inayotosha kujaza sebule hudai pia volti mamia kadhaa. Radiogramu, lile kabati la mbao lenye redio na santuri kwa pamoja, lilikuwa chombo cha nyumba iliyofungwa umeme. Kulikuwa na redio za vali za kutumia betri, lakini betri zake zilikuwa za volti 90, nzito na za bei. Kwa hiyo redio ya Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1951, mkulima wa mlimani alikuwa bado mbali nayo.

Transista haina uzi wa kupashwa moto, na betri chache za tochi zinaitosha. Redio za transista zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1954, na katika miaka ya 1960 zikaenea Afrika Mashariki. Mtu wa Mgeta au Matombo, huko Uluguru, aliweza kuitia redio begani na kupanda nayo kilima. Wakati huohuo Morogoro Jazz, bendi iliyozaliwa mwaka 1944, ilikuwa imempata kijana Mbaraka Mwinshehe. Mwaka 1970 bendi hiyo ilikwenda hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70. Mwaka 1973 Mbaraka akaanzisha Super Volcano, na hadi alipofariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, wengi walimjua kupitia spika ndogo za redio, ambazo kusema kweli zilimeza besi yote.

Mwaka 1975 mitambo ya Kidatu, humohumo mkoani Morogoro, ilianza kuzalisha umeme. Baadaye uwezo wake ukafika megawati 204. Nyaya za kwenda Dar es Salaam zikapita Morogoro, lakini vijiji vingi vya Uluguru vikaendelea kununua betri. Mjini nako, umeme ukiwapo, bidhaa ziliadimika, mpaka serikali ilipolegeza masharti mwaka 1984 na kuwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza vitu kutoka nje.

Baadaye ikaja sabufa kutoka China. Boksi lake hujigamba kwa wati elfu na ushei, lakini ukilifungua unaweza kukuta saketi aina ya TDA2030, ambayo kwa spika ya omu 4 hutoa wati zipatazo 14. Hiyo ni amplifaya ya daraja AB: sauti yake si mbaya, ila hata kwa hesabu za vitabuni haiwezi kupitisha asilimia 78.5 ya umeme kwenda kwenye spika. Unaobaki huishia kuwa joto, ndiyo maana huwekewa bamba la alumini.

Kwa nyumba ya mlimani yenye sola na betri moja, joto hilo ni wimbo uliopotea. Amplifaya ya daraja D huwasha na kuzima transista zake mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, na nyingi hufikisha asilimia 90 au zaidi. Hapo ndipo hesabu ya umeme inapogongana na hesabu ya fundi. TDA2030 ina miguu mitano, hung'olewa na kubadilishwa kwa chuma cha kawaida cha kulehemu. Saketi nyingi za daraja D ni ndogo mno na zimebandikwa juu ya bodi, kwa hiyo ikiungua moja, mara nyingi fundi hubadilisha bodi nzima.