Ratcliffe: Tarehe ya Moto wa Mwisho

Bonde la mto Trent, Uingereza, liliwahi kupewa jina la utani: Bonde la Megawati. Vituo vya umeme vilijipanga kando ya mto kwa kuwa maji yalikuwapo na migodi ya mkaa wa mawe haikuwa mbali. Mwaka 1963, karibu na mahali mto Soar unapoingia Trent, ukaanza ujenzi wa kituo cha Ratcliffe-on-Soar. Kufikia 1968 kilikuwa kinaingiza umeme kwenye gridi. Kilikuwa na mitambo minne ya megawati 500 kila mmoja, dohani ya meta 199 na minara minane ya kupozea maji.

Wapita njia wengi waliona wingu jeupe juu ya minara wakadhani ni moshi, kumbe mvuke. Moshi ulitokea dohanini. Ndani, mkaa ulisagwa ukawa kama unga, ukapulizwa tanurini. Maji yakageuka mvuke, mvuke ukazungusha turbaini mara 3,000 kwa dakika. Moto huzaa jivu, ila jivu la Ratcliffe lilipata wanunuzi: wajenzi. Miaka ya 1990 moshi ukaanza kuchujwa salfa kwa mawe ya chokaa, ikapatikana jasi ya kutengenezea bodi za ukutani.

Wamiliki walibadilika: shirika la umma, kisha Powergen, kisha kampuni za Kijerumani, E.ON na Uniper. Kazi nayo ikabadilika. Kituo kilichojengwa kiwake usiku na mchana kikawa, uzeeni, kinaitwa kazini siku za baridi, upepo ukilala na mitambo ya upepo ikizalisha kidogo. Na kuwasha upya ni kazi: boila iliyopoa hupashwa taratibu kwa mafuta, chuma kisije kikapasuka, rota iliyo moto nayo huzungushwa polepole hata mtambo ukizimwa, la sivyo hupinda. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipotikisa soko la gesi, mtambo mmoja uliokaribia kustaafu uliongezewa muda.

Juni 2024 treni ya mwisho ilileta tani 1,650 za mkaa. Tarehe 30 Septemba wafanyakazi walikusanyika kantini kutazama kwenye skrini wenzao wakizima mitambo. Ndivyo ilivyofungwa miaka 142 ya umeme wa mkaa Uingereza, iliyoanzia Holborn, London, mwaka 1882. Juu ya minara minane, wingu halikuonekana tena.