Toronto: miti iliyosimama majini

Jina la jiji la Toronto, Kanada, latokana na neno la Kimohawk, tkaronto: mahali penye miti iliyosimama majini. Miti yenyewe ni vigingi vya kunasia samaki, ambavyo mvuvi wa pwani ya Afrika Mashariki angeviita uzio bila kusita. Vilikitwa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, si hapo jijini, bali kaskazini, kwenye mkondo mwembamba unaounganisha ziwa Simcoe na ziwa Couchiching. Jina likateremka na njia ya wasafiri hadi ziwa Ontario. Mwaka 1793 luteni gavana John Graves Simcoe aliupa mji wa hapo jina la York, jina lisilohusiana kabisa na mahali hapo. Mwaka 1834, ulipotangazwa kuwa jiji, jina la Toronto likarejeshwa.