Bei ya Fedha Safarini: Kutoka Ushanga wa Ujiji hadi Dola

Februari 1874, Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, akakuta soko lenye wavunja fedha wake. Fedha ya pale ilikuwa sofi, shanga fupi zilizofanana na vipande vya kiko kilichovunjika. Soko lilipoanza, watu wenye mifuko iliyojaa sofi waliwagawia wanunuzi shanga hizo na kupokea shanga za aina nyingine. Soko lilipofungwa, waliwageukia wauzaji na kuzichukua tena sofi zile zile. Cameron aliuelewa mchezo mara moja: walipata faida walipotoa, wakapata tena walipopokea.

Kwa hiyo bei mbili, ya kununua na ya kuuza, hazikuanzia kwenye dirisha la kioo la duka la fedha mjini. Zilikuwepo Ujiji, kwenye ncha ya njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora, na mpagazi aliyetaka kitoweo alizijua vizuri.

Msafiri wa wakati huo alipata au alipoteza kabla hata hajavuka kuingia bara. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alipofika Unguja mwanzoni mwa 1871, akijiandaa kumtafuta mvumbuzi Livingstone, aliwauliza wafanyabiashara Waarabu na Wahindi abebe nini. Jibu likawa vitambaa, shanga na waya. Kwa kitambaa hakukuwa na shida kubwa, maana merikani, shuka ya Marekani, ilipokewa karibu kila mahali. Ushanga ndio uliomwumiza kichwa. Ushanga mweusi ulikuwa fedha halali Ugogo, lakini kwingine haukununua hata yai. Ushanga mkubwa uliopendwa Ujiji ulikataliwa njia nzima ya kufika huko. Ule mweupe ulipokewa Ufipa na kudharauliwa Ukonongo. Ilimbidi Stanley akadirie atakaa siku ngapi katika kila nchi, kisha anunue aina kumi na moja kwa kipimo. Akikosea, angebaki na mizigo mizito isiyo na thamani, na kila mzigo una mtu wa kuubeba anayetaka posho.

Unguja penyewe fedha kubwa ilikuwa reale yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria aliyefariki mwaka 1780. Mwaka huo uliendelea kuchapwa kwenye kila reale mpya kwa miaka mingi baada ya kifo chake, kwa sababu wateja wa Bahari ya Shamu na Arabuni hawakutaka sarafu yenye alama tofauti na ile waliyoizoea. Wapo waliozihesabu lulu za bizimu yake kabla ya kuipokea. Reale ilikuwa na kiwango cha madini ya fedha kisichobadilika, ndiyo maana iliaminika kutoka Muscat hadi Ethiopia.

Tabu ilikuwa chenji. Hadi Sultani Seyyid Said alipoleta pesa za shaba kutoka India katika miaka ya 1840, nafaka ndiyo iliyotumika kwa manunuzi madogo. Hata pesa hizo zilipofika, idadi yake kwa reale moja haikutulia. Zikiwa nyingi mjini, reale ilivunjwa kwa nyingi. Zikiadimika, mwenye reale alipewa chache. Nahodha aliyetia nanga wakati wa uhaba alipunjika kwa reale ile ile iliyomnufaisha mwenzake miezi michache kabla.

Wavunja fedha wa enzi hizo wamesemwa vibaya sana, na si haki. Walichukua kidogo, mbele ya macho ya mteja, naye aliweza kwenda kwa jirani. Hasara kubwa zaidi katika historia ya fedha Afrika Mashariki ilitoka kwenye bei iliyopangwa mbali, ambayo mtu hakuwa na jirani wa kumkimbilia.

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, rupia 15 za India zilikuwa sawa na pauni moja. Vita vikapandisha bei ya madini ya fedha, na rupia nayo ikapanda. Mwaka 1920 serikali ya Uingereza ikaamua kuifunga rupia ya Afrika Mashariki kwenye shilingi mbili za Kiingereza, yaani rupia 10 kwa pauni. Ikaletwa florini, kisha mwaka uliofuata shilingi. Aliyekuwa na deni la rupia 1,500, sawa na pauni 100 za zamani, sasa alidaiwa pauni 150. Walowezi wa Kenya walipiga kelele, halafu mwaka 1921 wakataka kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja. Kutokana na hasira hiyo mwanaharakati Harry Thuku alipata wafuasi wengi Nairobi. Alipokamatwa Machi 1922, watu waliokusanyika kudai aachiwe walipigwa risasi.

Unguja ilibaki na rupia yake hadi 1936. Kwa zaidi ya miaka kumi, mtu aliyepanda chombo kwenda Dar es Salaam au Mombasa alivuka mpaka wa fedha pamoja na maji. Rupia ilipoondolewa visiwani, ilibadilishwa kwa shilingi moja na nusu, wakati bara ilikuwa imehesabiwa kwa shilingi mbili.

Shilingi ya Afrika Mashariki ilitumika Kenya, Uganda, Tanganyika na baadaye Unguja, hadi 1966 kila nchi ilipotoa yake. Mwanzoni zilikuwa na thamani sawa. Kisha zikaja sheria za kudhibiti fedha za kigeni. Katika Tanzania ya miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, msafiri aliomba dola benki na kusubiri kibali, huku bei ya mitaani ikiipita mbali ile ya serikali. Katika msako wa wahujumu uchumi wa 1983, kukutwa na noti za kigeni kulitosha kumpeleka mtu mahabusu. Mwaka 1986 dola ilipandishwa kutoka takriban shilingi 17 hadi 40, na bado mlanguzi alilipa zaidi. Walioumia ni mwanafunzi, mgonjwa anayepelekwa nje, na mfanyabiashara mdogo asiye na mtu wa kumjua ofisini.

Uganda iliruhusu maduka ya kubadilishia fedha mwaka 1990, Tanzania mwaka 1992, na Kenya ikafuata katikati ya muongo huo. Bei mbili, ya kununua na ya kuuza, zikarudi hadharani kwenye kibao chenye safu mbili. Msafiri wa Kariakoo anayekwenda Dubai au Guangzhou kununua mzigo huzunguka madirisha matatu au manne kabla ya kutoa shilingi zake, na huangalia zaidi nafasi iliyopo kati ya safu hizo mbili kuliko tangazo la kutotoza ada. Anayerudi na dola naye anajua kwamba noti ya mia mpya hupata bei nzuri kuliko noti za tano na kumi, na kwamba ile iliyochapwa kabla ya 2006 huenda ikakataliwa kabisa, ingawa Marekani kwenyewe bado ni halali.