Boriti Zilivuka Bahari, Kaboni Ikabaki Topeni

Ingia nyumba yoyote ya mawe ya zamani mjini Lamu, kisha inua macho darini. Boriti zimelala sambamba, na chumba ni kirefu lakini chembamba, upana wake kama mita 3 tu. Fundi hakuwa na hiari: urefu wa boriti ya mkoko ndio uliopima chumba.

Vipimo hivyo vilivuka bahari. Kwa karne nyingi majahazi ya Ghuba yalikuja na kaskazi yakileta tende, yakarudi na kusi yamesheheni miti ya Lamu na delta ya Rufiji. Wauzaji waliipanga kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Mwaka 1939 baharia Mwaustralia Alan Villiers alifika Rufiji na jahazi la Kuwait, akashuhudia kazi ya kupakia miti ndani ya matope na mbu. Wajerumani, waliotawala huko kabla, walikuwa wamekwisha kuifanya mikoko ya Rufiji hifadhi ya serikali tangu 1898, na si kwa huruma; miti ilikuwa na soko, na magome yake yalitakiwa kwa kutengenezea ngozi.

Baadaye mafuta yaliiletea Ghuba saruji na nondo badala ya boriti. Kenya nayo ilipiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982.

Muda wote huo hakuna aliyeuliza bei ya tope. Majani na mizizi ya mkoko hufia mahali ambapo maji ya bahari hujaa na kupwa kila siku, hewa haipenyi, na vijidudu vya kuozesha hufanya kazi polepole mno. Ukichimba kidogo utasikia harufu ya yai viza: ni gesi yenye salfa, dalili kwamba oksijeni imekwisha. Kaboni iliyovutwa na majani kutoka angani hukaa humo karne kwa karne. Shina likikatwa kwa kiasi, tope hubaki. Msitu ukifyekwa na ardhi ikakaushwa, hewa huingia na kaboni hurudi angani.

Huko Gazi, kusini mwa Mombasa, mikoko ilifyekwa sana miaka ya 1970 kwa ajili ya kuni za viwanda, ikaanza kupandwa tena miaka ya 1990. Leo wanakijiji, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wanauza hati za kaboni inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko. Fedha zake zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule. Si nyingi, lakini msitu umebaki umesimama.