Makala Kabla ya Mahafali: Sharti la Uchapishaji katika Tasnifu za Elimu Nchini Kenya

Mwanafunzi wa shahada ya uzamifu katika elimu nchini Kenya hupita milango mingi kabla tasnifu yake haijawafikia watahini. Hutetea pendekezo lake mbele ya jopo la idara. Huomba kibali cha NACOSTI, tume iliyopewa mamlaka hayo na Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013, kisha hukipeleka kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti na kwa mwalimu mkuu wa kila shule anayotaka kuifanyia utafiti. Akishamaliza kuandika, hutoa taarifa ya nia ya kuwasilisha, hukaguliwa kama amenakili kazi za wengine, hutafuta sahihi za wasimamizi, na ndipo tasnifu hupelekwa kwa mtahini wa ndani na wa nje. Masharti haya yanachosha, lakini kila moja linamlinda mtu: mtoto anayehojiwa darasani, mwandishi anayenukuliwa, mwajiri atakayeiamini shahada. Lipo sharti jingine ambalo ni vigumu kusema linamlinda nani. Viwango na Miongozo ya Vyuo Vikuu vilivyotolewa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) mwaka 2014 vinamtaka mwanafunzi wa uzamili awe amechapisha angalau makala 1 katika jarida linalopitiwa na wahakiki, na wa uzamifu angalau 2. Ninadai kwamba sharti hili halipimi ubora wa tasnifu. Linautoa uamuzi wa chuo kikuu mikononi mwa watu wasiojulikana, na katika taaluma ya elimu linayapeleka matokeo ya utafiti mbali na wale wanaoyahitaji.

Nia ya CUE ilieleweka. Mwaka 2013 vyuo vishiriki vingi vya umma vilipewa hati na kuwa vyuo vikuu kamili kwa mkupuo, na hofu kwamba shahada za juu zingetolewa kiholela haikuwa ya kubuni. Jicho la nje lilionekana kuwa dawa: ikiwa wahakiki wasiomjua mwanafunzi wala msimamizi wake wameikubali sehemu ya kazi, basi kazi hiyo ina uzito. Udhaifu wa hoja hii ni kwamba inachukulia kuwa kila jarida linalojitangaza kuwa na wahakiki linao kweli. Mwaka mmoja kabla ya viwango hivyo kutolewa, dhana hiyo ilikuwa imekwisha kujaribiwa. Oktoba 2013 jarida la Science lilichapisha matokeo ya jaribio la John Bohannon, aliyetunga makala bandia kuhusu tiba ya saratani yenye makosa ambayo mhakiki makini asingekosa kuyaona, akaituma kwa majarida 304 yanayosomwa mtandaoni bila malipo. Majarida 157 yaliikubali na 98 yakaikataa. Miongoni mwa waliotegwa walikuwamo wachapishaji wenye majina makubwa, kwa hiyo si haki kusema kwamba tatizo ni la vichochoroni tu.

Biashara hii inajulikana vizuri katika korido za shule za elimu. Mwanafunzi aliyebakiwa na miezi michache kabla ya mahafali hupokea barua pepe inayomsifu kwa mchango wake adhimu na kumwalika achapishe katika jarida ambalo jina lake huanza na neno "kimataifa" na kuchanganya elimu, biashara, uhandisi na tiba. Huikata sura ya nne ya tasnifu, akaacha majedwali mawili na aya ya mapendekezo, akaituma. Baada ya siku chache hujibiwa kwamba makala imekubaliwa bila marekebisho, au kwa marekebisho ya nukta na mikato. Kiambatisho ni ankara ya dola. Akilipa, kiungo cha makala hufika mapema kuliko risiti. Jarida la kweli, linalotoka mara mbili kwa mwaka na linalowaomba wahakiki wafanye kazi bila malipo, haliwezi kushindana na kasi hiyo. Linaweza kumjibu baada ya mwaka, na jibu likawa "hapana", huku karo ya muhula wa ziada ikiendelea kuhesabiwa. Mwanafunzi anayechagua njia ya mkato hapa anaitikia masharti jinsi yalivyoandikwa. Kumlaumu yeye peke yake ni kukwepa swali.

Nchi zilizotutangulia katika kuhesabu makala zinatuonyesha mwisho wa njia hii. Afrika Kusini, ambako serikali huvipa vyuo vikuu ruzuku kwa kila makala inayotambuliwa, Johann Mouton na Astrid Valentine walionyesha mwaka 2017 kwamba makala zaidi ya 4,000 za watafiti wa nchi hiyo zilizotoka kati ya 2005 na 2014 zilikuwa katika majarida 48 ambayo yalitiliwa shaka kuwa ya kitapeli. Mfano wa India unatuhusu zaidi, kwa sababu huko sharti liliwekwa juu ya mwanafunzi mwenyewe. Kanuni za Tume ya Ruzuku za Vyuo Vikuu (UGC) za 2009 zilimtaka kila mwanafunzi wa uzamifu achapishe makala 1 kabla ya kuwasilisha tasnifu. Soko la majarida ya kulipia likastawi. Tume ikajibu kwa kutengeneza orodha ya majarida yanayokubalika. Matapeli nao wakaunda tovuti pacha zenye majina yale yale yaliyomo kwenye orodha. Novemba 2022 kanuni mpya ziliondoa ulazima wa kuchapisha, na Februari 2025 orodha yenyewe ikafutwa. Wanaopendekeza kwamba Kenya itatue tatizo kwa kutoa orodha rasmi ya majarida wanapendekeza jambo ambalo India imelijaribu kwa miaka na kuliacha.

Katika elimu hasara ni kubwa kuliko katika taaluma nyingine nyingi, na sababu yake iko katika aina ya mwanafunzi na aina ya utafiti. Wengi wa wanafunzi hawa ni walimu wanaojilipia karo na kusoma wakati wa likizo za Aprili, Agosti na Desemba. Ada ya kuchapisha makala 2 hutoka katika mshahara huo huo. Na utafiti wao huhitaji wasomaji walio karibu. Tasnifu kuhusu jinsi walimu wa gredi ya nne wanavyotathmini umilisi wa wanafunzi katika mtaala ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019 ina faida kwa mwalimu mkuu aliyefungua lango la shule, kwa afisa wa elimu wa kaunti ndogo, na kwa Taasisi ya Kukuza Mitaala. Hakuna hata mmoja kati yao anayesoma jarida la Kiingereza lisilojulikana lililosajiliwa ng'ambo. Cha kushangaza ni kwamba sharti linalowalenga wasomaji hawa lipo tayari. Leseni ya NACOSTI inamtaka mtafiti awasilishe ripoti yake ya mwisho katika mwaka 1 baada ya kukamilisha utafiti. Lakini sharti hilo huja baada ya mahafali na halikihusu chuo kikuu, kwa hiyo halina meno mbele ya mtu aliyekwisha kuvaa joho.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote ni lile linalotaja Sweden, ambako tasnifu nyingi za uzamifu hujengwa kwa makala zilizochapishwa au zilizo tayari kuchapishwa, wala hakuna anayelalamika kwamba zimeshuka hadhi. Ni kweli. Lakini huko makala ndizo tasnifu yenyewe, hazidaiwi juu ya kitabu cha kurasa mia tatu ambacho kimekwisha kuandikwa. Mwanafunzi wa huko kwa kawaida ni mwajiriwa anayelipwa mshahara kwa takriban miaka minne. Tena tasnifu hutangazwa hadharani wiki kadhaa kabla ya utetezi, na yeyote anaweza kuja kuuliza swali. Sisi tumeichukua hesabu ya makala tukauacha mshahara, muda na uwazi.

Pingamizi la pili si la kupuuzwa: watahini wetu hujuana, mtahini wa nje wa leo ni mwenyeji wa kesho, na bila jarida hakuna jicho huru. Juni 2019 chuo kikuu kimoja cha umma kilitunuku shahada za uzamifu 118 katika mahafali moja, umma ukashtuka na CUE ikaanzisha uchunguzi. Tukio hilo hutajwa na watetezi wa sharti kana kwamba linawaunga mkono. Linawapinga, kwa sababu lilitokea miaka mitano baada ya sharti kuwekwa, na makala hazikuzuia chochote. Viwango vile vile vya 2014 vina kifungu kinachogusa kiini cha suala hilo: mhadhiri asisimamie zaidi ya wanafunzi 5 wa uzamili na 3 wa uzamifu kwa mwaka. Kifungu hicho kinahesabika kwa urahisi, hakimgharimu mwanafunzi shilingi hata moja, na kukikiuka ni kosa la taasisi. Pengine ndiyo maana hakishikiliwi kwa ukali ule unaotumiwa kudai makala.

Ninachopendekeza kwa CUE na kwa bodi za masomo ya uzamili ni hiki. Sharti la makala lifutwe kabisa kwa shahada ya uzamili. Kwa uzamifu, uchapishaji usiwe tena sharti la kuwasilisha. Uhesabiwe pale mhitimu anapoomba kazi ya uhadhiri au kupandishwa cheo, kwa kuwa hapo ndipo waajiri wana muda wa kuisoma makala yenyewe badala ya kuhesabu vyeti vya kukubaliwa. Nafasi yake ichukuliwe na ripoti fupi, ya Kiswahili au Kiingereza, iliyopokelewa na shule na ofisi ya elimu ya kaunti zilizotoa kibali. Ripoti za watahini zihifadhiwe pamoja na tasnifu kwenye hazina ya mtandaoni ya chuo, majina yao yakionekana. Na hakuna tasnifu itakayopokelewa kutoka kwa msimamizi aliyezidisha idadi ya wanafunzi aliyoruhusiwa.